Wakazi Wawili

Kila aliyebisha hodi kwenye hekalu la Mabaniani pale Bagamoyo kati ya saa sita mchana na saa kumi alijibiwa maneno mawili tu kupitia ufa wa mlango: "Mwenyewe amelala." Ukibisha tena, hukujibiwa. Ukibisha mara ya tatu, ulisikia komeo la chuma likisukumwa kwa ndani, kana kwamba mlango uliokwisha kufungwa unaweza kufungwa zaidi.

Aliyekuwa akijibu ni mtunza hekalu, naye Baniani. Nilimjua kwa miaka minne hivi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na katika miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akiegemea ukuta. Aliketi kwenye ukingo wa kigoda, mgongo wima, kama mtu aliyeko kwenye foleni ya hospitali anayeogopa jina lake litaitwa asilisikie. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, na nyayo pana zilizopasuka kwa sababu hakuvaa viatu, hata mchanga ulipokuwa wa moto wa kuunguza.

Mimi nilifika kwake kwa ajili ya chokaa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne huko Kiwangwa, nikawa turniboi wa lori la Chalinze, nikachoka na vumbi, nikaja Bagamoyo kupaka majumba chokaa. Kazi ile ilinifaa kwa sababu mpaka chokaa huingia kila nyumba, na mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua nyumba za watu ndani zikoje. Nilikuwa nimeshaona vyumba vya Waarabu, vya Wagoa na vya mapadri. Hekalu lilikuwa bado. Siku ya kwanza nilibisha saa saba mchana, nikajibiwa maneno yale mawili. Nikadhani mwenye nyumba ni tajiri fulani mvivu. Nikakaa kizingitini mpaka saa kumi.

Mlango ulipofunguliwa, alinitazama miguu kabla ya uso.

"Vua."

Nikavua kandambili.

"Na huo mkanda?"

"Mkanda una kosa gani, mzee?"

"Ngozi ya ng'ombe."

Nikavua na mkanda. Basi niliingia kwenye nyumba ya Mungu wa watu wengine mkono mmoja umeshika ndoo ya chokaa, mwingine umeshika suruali isianguke. Yeye hakucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba alicheka sana, lakini usiku, peke yake, jikoni, na kesho yake akaniletea kamba ya katani.

Nyumba yenyewe kwa nje ilifanana na nyumba nyingine za mtaa ule, mlango wa nakshi na madirisha ya mbao. Ndani kulikuwa na ua, kisima, jiko, na chumba kirefu cha sala. Mwisho wa chumba hicho palining'inia pazia la manjano. Alilivuta. Nikaona kitanda kidogo chenye mto, na pembeni yake, juu ya kiti, mtoto wa jiwe jeusi, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Alikuwa amevaa joho, kilemba na mkufu. Macho yalikuwa meupe, makubwa, yananitazama.

"Huyu ndiye Mwenyewe," akasema mtunza hekalu. "Nyumba ni yake. Mimi mtumishi wake. Namwamsha, namwogesha, namvisha, nampikia, namlaza."

"Kumbe ni sanamu," nikasema.

Hakupandisha sauti. Aliweka chini sinia aliyokuwa ameishika, polepole, kwa mikono miwili.

"Neno hilo liko huko mitaani. Humu ndani hatulisemi. Ukilisema mara ya pili, utapaka chokaa nyumba nyingine."

Sikulisema tena mle ndani. Lakini nilirudi, mara nyingi, hata wakati ambapo hapakuwa na ukuta wa kupaka, kwa sababu nilitaka kujua mtu mzima mwenye akili anawezaje kumwogesha mtoto wa jiwe kila alfajiri miaka nenda rudi na asichoke. Alinipa nafasi ya kuuliza maswali nikiwa nje ya jiko, yeye ndani. Ukiuliza mara tatu alijibu mara moja.

Niligundua kwamba wakati wa kipupwe alimshonea makoti. Makoti ya mahameli yenye vifungo, marefu kama shubiri, alikuwa nayo sandukuni kama ishirini. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, alikaa chini akivuta kamba ya feni ya kitambaa iliyotundikwa juu ya kitanda, saa nzima, na jasho likimtiririka yeye mwenyewe bila hata kipepeo cha ukindu. Chakula alipika kwa ajili ya Mwenyewe kwanza: wali, dengu, mboga, maziwa yenye sukari. Hakuonja chumvi. Alikisia. Sahani ilipelekwa nyuma ya pazia, ikakaa muda, ikatolewa, ndipo yeye akala kilichokuwa ndani yake. Kwa mtu wa nje anayechungulia dirishani, alichoona ni sahani inaingia imejaa chumbani, na mpishi anabaki mlangoni akingoja. Nayasema haya kwa sababu watu walikuwa wakichungulia.

Alikuwa na ulimi mkali kuhusu Kiswahili. Mimi nilikuja na Kiswahili cha kwetu kilichochanganyika na Kikwere, na cha malori. Nikisema "mavitu," alisimamisha kazi. "Vitu." Nikisema "nyumba ile mkubwa," alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Kubwa, Kiwangwa. Nyumba kubwa. Maneno hayana foleni, kwa nini unachukua mabovu?" Aliniita Kiwangwa tangu siku ya pili na hakuniuliza jina langu kamwe. Mimi nilimwita mzee, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndefu ya watu wa mji mkongwe, ambayo mpaka leo sijaweza kuiiga.

Alikuwa na redio. Jumamosi alasiri, Mwenyewe akishaamka na kupewa maziwa, alisikiliza mpira wa Dar akiwa amechuchumaa jikoni, anapeta mchele. Mtu huyu ambaye hakuua mbu, ambaye aliondoa sisimizi kwenye unga mmoja mmoja kwa ncha ya jani, alimtukana refa matusi ambayo sikuwahi kuyasikia hata Chalinze.

"Mzee, Mwenyewe hakasiriki na mambo ya mpira?"

"Mwenyewe ni mtoto. Mtoto gani hapendi mpira?"

Nilimpenda kwa jibu hilo. Na kuna siku nilimchukia. Nilikuwa nimepaka ukuta wa ua tangu asubuhi, kiu imenikaba, nikachota maji kwenye mtungi wake kwa kata, nikanywa. Aliniona. Aliubeba mtungi mzima, akaumwaga mtaroni, akausugua kwa majivu na mchanga, akaanza kuteka maji upya kisimani, ndoo baada ya ndoo, mbele yangu. Nilisimama pale midomo ikiwa bado na unyevu, nikijiona kama kitu kilichoanguka ndani ya maji. Niliondoka bila kuaga. Nilikaa wiki tatu bila kupita mtaa ule.

Katika wiki hizo nikashikwa na homa. Nilikuwa nimepanga chumba cha udongo Magomeni ya Bagamoyo, peke yangu. Siku ya tatu ya homa nikafumbua macho nikaona nyayo zile zilizopasuka pembeni ya kitanda. Alikuwa na sufuria ya uji wa mchele. Aliniinua kichwa kwa mkono wake, akaninywesha, akanipangusa kinywa kwa ncha ya shuka yake nyeupe. Akaja siku nne mfululizo. Mwenye nyumba wangu aliniambia kwamba kila mzee alipotoka kwangu alikwenda moja kwa moja baharini, akajitosa na nguo zake, ndipo akarudi hekaluni. Nilipopona nilimuuliza: mtu gani huyu anayemwaga maji niliyoyagusa, kisha anashika jasho langu? "Maji ni ya Mwenyewe," akasema. "Homa ilikuwa yako." Sijui kama hilo ni jibu. Ndilo nililopata.

Sasa niseme alichokuwa akikiogopa, maana bila hofu hiyo sura yake haikamiliki. Mwaka ule serikali ilipotaifisha majumba makubwa ya kupangisha, Mabaniani wa Bagamoyo walianza kufunga maduka. Walikwenda Dar, wengine wakaenda ng'ambo. Tajiri mmoja wa vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa akililisha hekalu mafuta, samli na unga, aliondoka bila kumuaga mtu. Aliondoka kimya kiasi kwamba nusu ya mji haikuamini kuwa ameondoka. Jioni za sala, watu waliokuwa thelathini wakawa wanane, wakawa wawili, kisha mtunza hekalu akawa anapiga kengele na kusikiliza mwenyewe. Na mjini kulikuwa na maneno: nyumba isiyo na mtu itapangiwa kazi ya umma. Hapakuwa na ubaya katika maneno hayo. Zahanati ilihitaji chumba, shule ilihitaji chumba, korosho zilikuwa zinaloa mvua kwa kukosa ghala.

"Wakisema hapa hamna mtu," aliniambia siku moja akiwa anatia uzi kwenye sindano, "watamtoa wampeleke wapi?" Uzi uliingia mara ya sita.

Ndipo sukari ikaadimika, na balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule akapita na daftari kuhesabu watu, kila nyumba ipate kwa idadi yake. Balozi alikuwa mama mjane muuza vitumbua, mtu wa haki, hachezewi. Siku hiyo mimi nilikuwa juu ya ngazi ndani ya ua, nikipaka juu ya mlango.

"Nyumba hii mnakaa wangapi?" akauliza balozi.

"Wawili," akasema mtunza hekalu.

"Wewe na nani?"

"Mimi na Mwenyewe."

"Jina lake?"

"Andika Mwenyewe."

"Mzee, daftari la serikali haliandikwi Mwenyewe. Kila mtu ni mwenyewe."

"Jina lake ni refu, balozi. Hapa tunamwita hivyo."

Balozi akaguna, akaandika. "Mtu mzima au mtoto?"

"Mtoto."

"Wa miaka mingapi?"

Nilimwona mtunza hekalu akitafuta jibu lisilo la uongo. "Haongezeki," akasema mwishowe.

Balozi akainua macho kutoka kwenye daftari. Sura yake ilibadilika, ikalegea. Alielewa kwamba mle ndani kuna mtoto aliyelemaa, aliyefichwa kama familia nyingine zinavyoficha. Akashusha sauti.

"Pole, mzee."

Hapo angeweza kumrekebisha. Alikuwa akirekebisha kila "mavitu" na kila "mkubwa" wangu. Nilisubiri juu ya ngazi, brashi inadondosha matone.

"Ahsante," akasema.

Balozi akaandika: wakazi wawili. Na siku ya mgawo, hekalu likapata sukari ya watu wawili.

Mimi nilikuwa najua kilichotokea, na kujua jambo ambalo wengine hawalijui kulikuwa ndiyo mali yangu pekee. Jioni ile nilikaa kwenye baraza ya kahawa, na mazungumzo yalipopoa nikasema kwamba kuna mtu anakaa hekaluni, anaitwa Mwenyewe, analala mchana kutwa, anapikiwa wali na maziwa, na anakula sukari ya mgawo. Wakanigeukia wote.

"Nani huyo?"

"Nendeni mkamuulize."

"We kijana, unamjua?"

"Nimemwona kwa macho yangu," nikasema, na ilikuwa kweli. Nikanywa kahawa yangu nikawaacha wakikisia. Nilitaka wakisie siku mbili tatu, kisha niwaambie, tucheke. Lakini hawakunisubiri. Kabla hajanyanyuka mtu barazani, muuza samaki mmoja alikuwa ameshasema: "Ndiye yule tajiri wa vitambaa. Nilijua hajaondoka." Mwingine akasema ameona sahani zikiingia. Mwingine akasema pazia. Wiki ilipokwisha, nyuma ya pazia palikuwa na tajiri, magunia ya sukari, marobota ya kanga, na bunduki.

Nilisikia yote hayo na sikusema lolote. Nilikuwa najiambia kwamba jambo la kipuuzi namna ile litajifia lenyewe. Kwa mtunza hekalu nako sikusema. Alikuwa amegundua kwamba watu wanasimama nje ya dirisha muda mrefu kuliko zamani, na aliniuliza mara mbili, "Kiwangwa, kuna nini mjini?" Mara zote mbili nikasema hakuna.

Wakaja siku ya Jumatatu, saa saba mchana. Walikuwepo mwenyekiti wa kamati ya majengo, mgambo wawili, na balozi. Nyuma yao mtaa mzima. Mimi nilikuwa nyumba ya pili, nikashuka na brashi mkononi. Mwenyekiti alibisha kwa kiganja. Sote tulisikia sauti ikitoka ufani.

"Mwenyewe amelala."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Ehee. Si mmesikia."

"Fungua, mzee," akasema mwenyekiti. "Ni kazi ya serikali."

Mlango ukafunguka kidogo, mtunza hekalu akatoka, akaufunga nyuma yake, akaweka mgongo juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza namwona ameegemea kitu.

"Njooni saa kumi. Saa kumi nitafungua kwa kila mtu."

"Mtoro anasubiriwa saa kumi?" akauliza mtu kwenye umati, na vicheko vikapita.

"Hamna mtoro."

"Nani amelala?"

"Mwenyewe."

Balozi akasogea mbele. Alikuwa ameshika lile daftari. "Mzee, uliniambia kuna mtoto mgonjwa."

"Sikusema mgonjwa, balozi."

"Nilikwambia pole. Ukasema ahsante."

Akainamisha kichwa. Nafikiri hakuna tusi lolote ambalo lingempiga kama maneno hayo ya taratibu. Balozi naye hakuwa na hasira. Alikuwa ameaibishwa mbele ya watu wake, na hilo ni baya zaidi.

Mgambo mmoja, kijana wa umri wangu, akapanda kizingiti na rungu lake. "Toka hapo, mzee."

"Siwezi. Akiamshwa kwa kelele—"

"Nimesema toka."

Rungu likainuka. Mimi nilikuwa najua maneno ya kulishusha. Nilikuwa nayo kinywani tangu wiki ile ya kahawa, na nilijua pia kwamba ndiyo maneno pekee ambayo yule mzee hakutaka kuyasikia kwangu. Nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa mtaa:

"Hamna mtu mle. Ni sanamu. Sanamu la jiwe, hivi." Nikaonyesha kwa mikono urefu wake, kiwiko hadi kidole.

Rungu likashuka. Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha. Mwenyekiti alinitazama mimi, akautazama mlango, akamtazama mzee, na nikaona jambo likimwingia akilini ambalo sikulitarajia hata kidogo.

"Kwa hiyo," akasema, "nyumba hii haina mtu."

Nakumbuka bega la mgambo, mzee akienda pembeni, mlango ukifunguka. Waliingia na viatu. Mwenyekiti, niseme haki yake, alipofika kwenye pazia na kukiona kile kitanda alikohoa, akavua kofia, akarudi nyuma hatua mbili. Hakugusa kitu. Walitafuta magunia, wakakuta sukari ndani ya kopo moja la maziwa ya unga. Kisha mwenyekiti akapima chumba kirefu kwa hatua zake, akatazama dari. "Paa halivuji," akamwambia balozi. Ndani ya wiki mbili ikaja barua yenye mhuri: jengo litakuwa ghala la korosho, na mtunzaji anaruhusiwa kuchukua vitu vyake.

Sukari ya watu wawili balozi hakuitaja tena. Alipita siku moja na vitumbua sita kwenye bakuli, akaviacha kizingitini, akaondoka.

Siku ya kuondoka, mtunza hekalu alimfunga Mwenyewe ndani ya blanketi, akamweka kwenye kikapu cha ukindu, akatembea peku mpaka kituo cha basi la Dar. Mimi nilimfuata nikiwa nimebeba sanduku la makoti, kwa sababu nililichukua tu mlangoni kabla hajakataa. Kondakta akasema, "Mzee, kikapu juu ya keria."

"Huyu hapandi juu."

"Basi ataketi wapi?"

"Kwenye kiti chake." Akakata tiketi mbili. Kondakta akachungulia ndani ya blanketi, akainua uso, akafuta kiti kwa kitambaa chake.

Nilimpa sanduku kupitia dirishani. Nikasema, "Mzee, nilitaka kukuokoa." Alilipokea sanduku, akaliweka magotini, akatazama mbele. Basi likaondoka.

Nilihama Bagamoyo mwezi huohuo. Nimefanya kazi Tanga, Korogwe, Mtwara, sikukaa mahali. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini nilikuwa Dar, nabeba zege kwenye jengo la ghorofa katikati ya jiji, na saa za mapumziko nilikuwa nazunguka mitaa. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye hekalu kongwe la mjini, lililokuwepo tangu zamani za Mjerumani, watu walivyoniambia, na sasa limezungukwa na benki, maduka ya vipuri na magari yanayopiga honi. Nilisimama ng'ambo ya barabara siku tatu. Siku ya nne nikavuka, nikavua viatu, nikaviweka kwenye rafu pamoja na vya watu wengine mia, nikaingia.

Ndani kulikuwa na sakafu ya marumaru, taa za umeme za rangi, akina mama na mafuta na maua, watoto wa shule wakipiga kengele kwa zamu. Miungu mikubwa ilikuwa mbele. Upande wa kushoto, kwenye kijumba cha ukutani chini ya pangaboi la umeme, alikuwa ameketi yule mtoto wa jiwe jeusi. Alikuwa na joho jipya. Nilisimama mbele yake bila kujua mtu anafanya nini. Kasisi kijana akanisogelea.

"Unamfahamu?"

"Tulikaa mji mmoja," nikasema.

"Bagamoyo?" Akatabasamu. "Mzee aliyemleta yuko nje. Geti la nyuma."

Alikuwa anafagia. Amekonda zaidi, nywele zimekwisha, lakini mgongo ni uleule. Kulikuwa na benchi la saruji ukutani. Niliketi, nikamwamkia.

"Marahaba, Kiwangwa," akasema, kama mtu aliyeniona jana.

"Nimemwona. Amependeza."

"Wanamtunza vizuri. Wako wengi hapa."

"Si wewe unayemvisha?"

"Mimi nafagia."

"Wamekukataza?"

"Waliniomba. Nilikataa."

Magari yalipita. Nilikuwa nimebeba maneno yangu miaka ile yote, kutoka Tanga hadi Mtwara, na yalipotoka yalikuwa mafupi. Nikamwambia kwamba uvumi wa mtu aliyejificha ulianzia kwangu, kwenye baraza ya kahawa.

"Najua. Bagamoyo nzima ilijua."

"Na siku ile mlangoni nililisema lile neno kwa sababu nilidhani watakuumiza. Wakakusukuma, mzee, na mimi nikiwa nimesimama pale."

Akaacha kufagia. "Nani alinisukuma?"

"Mgambo."

"Hakunigusa." Aliegemeza ufagio begani, akanitazama usoni. "Ulipolisema lile neno, nilifurahi. Nikajiambia, sasa hawatanipiga. Nikasogea. Hatua moja na nusu. Wao walikuwa bado wamesimama, Kiwangwa. Mlango niliuachia mimi."

Nilitafuta siku ile kichwani, bega la mgambo, mzee akienda pembeni. Sikuona mkono wa mtu juu yake.

"Ulikuwa na hofu," nikasema. "Mtu yeyote angesogea."

"Ndiyo. Mtu yeyote. Ndiyo maana kazi ile haipewi mtu yeyote."

Ndani kengele zikaanza kulia zote kwa pamoja, saa ya kufungua mapazia. Watu waliokuwa getini wakaharakisha, wakatupita pande zote mbili, mmoja akimvuta mwenzake. Yeye hakugeuka. Alisubiri wapite, kisha akashika ufagio.

"Inua miguu," akaniambia.

Nikainua. Alifagia chini ya benchi, akakusanya vumbi la saruji lililodondoka kwenye suruali yangu, akalisukuma pamoja na la wote waliopita mpaka nje ya geti, akarudi, akaanza upande wa pili.